Endofini si "homoni ya furaha": uzi wa peptidi za afyuni ambazo ubongo unajitengenezea

Mzizi wa Neva (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Kila nikifungua simu nakutana na mtu anayenadi namna ya "kuachilia endofini" ili uwe na furaha: kimbia, cheka, oga maji ya baridi, kumbatia mtu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Namwaga yote hapa, na anayetaka kupinga apinge kwa hoja.

Msimamo wangu ni huu. Endofini na ndugu zake ni peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, na zinaitwa za afyuni kwa sababu zinafanya kazi kama ile ya afyuni. Hazipo kwa ajili ya kuleta furaha. Kwenye neva kazi yao ni moja na haina mbwembwe: kunyamazisha seli. Ukisikia zimeleta nafuu, raha, usingizi, muwasho, choo kigumu au hata huzuni, uliza kwanza seli gani imenyamazishwa. Ukishajua hilo, mengine mengi yanajipanga yenyewe.

Tuanze zilivyogunduliwa, maana hapo kuna utamu wake. Watu wametumia afyuni kwa maelfu ya miaka, na mofini ilichujwa kutoka kwenye utomvu huo mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini swali moja la kitoto lilikaa bila jibu hadi miaka ya 1970: kwa nini ubongo wa mnyama uwe na mahali pa kupokelea utomvu wa mmea? Mwaka 1973 maabara tatu zilionyesha, kila moja kivyake, kwamba vipokezi vya afyuni vipo kweli kwenye ubongo: Candace Pert na Solomon Snyder wakiwa Baltimore, Eric Simon New York, na Lars Terenius huko Uppsala, Sweden. Kipokezi hakikai mwilini kwa kumsubiri mgeni. Lazima mwili uwe na chake.

Waliokipata ni John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Uskoti, na kifaa chao ukikiona unaweza kucheka. Unachukua kipande cha utumbo mdogo wa simbilisi, unakining'iniza kwenye chombo cha maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37, ncha moja umeifunga kwenye kipimo kinachochora mstari kwenye karatasi. Unakipiga umeme kidogo kila baada ya sekunde chache. Kinajikunja, mstari unaruka. Dondosha mofini: mikunjo inafifia, mstari unakaribia kulala. Dondosha naloksoni, dawa inayoziba vipokezi vya afyuni: mikunjo inarudi palepale. Hughes akawa anadondosha majimaji aliyoyachuja kutoka kwenye bongo za nguruwe wa machinjioni. Mstari ukalala. Akaweka naloksoni, mstari ukaamka. Hapo ukajua ndani ya yale majimaji kuna kitu kinachofanya kazi ya mofini.

Desemba 1975 wakatangaza kitu chenyewe: enkefalini, aina mbili, kila moja ina asidi amino (vijenzi vya protini) tano tu. Nne za mwanzo ni zilezile, tirosini, glisini, glisini, fenilalanini. Ya tano ni methionini au leusini. Ile tirosini ya mwanzo ndiyo roho ya mambo, kwa sababu umbo lake linafanana na kipande kimoja cha molekuli ya mofini. Ikatolewa, peptidi inakuwa bubu kwenye vipokezi hivi.

Ona pia kwamba kipimo kilichotumika kugundua "kemikali ya raha" ni utumbo, na kilichopimwa ni utumbo kuacha kujikunja. Tangu siku ya kwanza zilijitambulisha kama vinyamazishi.

Kigoda Changu

Naweka kigoda hapa, mkuu. Shusha.

Mbishi wa Kudumu

Mkuu Mzizi, umesimulia nguruwe ukamwacha ngamia. Choh Hao Li, aliyekuwa California, alikuwa na tezi za pituitari za ngamia akitafuta homoni inayohusiana na mafuta ya mwili. Homoni yenyewe hakuipata kwa wingi aliotarajia, badala yake akakuta kipande chake cha asidi amino 31. Kuja kuangalia, zile tano za mwanzo ni enkefalini yenye methionini, herufi kwa herufi. Ndiyo beta-endofini hiyo, 1976. Kwa hiyo hii endofini ya kwenye mabango ilitoka kwa ngamia, na wala hawakuwa wanatafuta raha.

Sasa hoja yangu. Unasema kazi yao ni kunyamazisha tu. Anayejidunga heroini anakwambia ni raha isiyo na mfano. Kitu kinachonyamazisha kinaletaje raha? Hapo mimi naona unakwepa.

Mzizi wa Neva

Mbishi, ndiyo maana nakupenda. Hilo ndilo swali la uzi mzima, ngoja nilijibu taratibu.

Kwanza kinachotokea kwenye seli moja. Vipokezi vikuu ni vitatu, myu, delta na kapa, na kuna ndugu yao wa nne aliyetambuliwa baadaye. Vyote vimejichomeka kwenye ngozi ya seli na kwa ndani vimeshikamana na protini zinazoitwa protini za G, za lile kundi linalozuia. Peptidi ikikaa kwenye kipokezi, mambo mawili yanafuata haraka. Kwenye ncha ya neva, milango ya kalsiamu inabanwa. Bila kalsiamu kuingia, vifuko vya kemikali havimwagi kilichomo, na ujumbe haufiki upande wa pili. Kwenye mwili wa seli, milango ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, seli inakuwa hasi zaidi kwa ndani na inakuwa vigumu kuisisimua. Taratibu zaidi, utengenezaji wa cAMP, kemikali inayopeleka amri ndani ya seli, nao unashuka. Yote matatu yanaelekea upande mmoja, yaani chini.

Sasa raha inatoka wapi? Katikati ya ubongo, eneo linaloitwa VTA, kuna seli za dopamini, kemikali inayomsukuma mtu kutafuta kitu. Muda wote zinazuiwa na seli zilizo karibu nazo zinazomwaga GABA, kemikali ya kuzuia. Chukulia seli ya GABA ni mlinzi aliyeshikilia geti. Kipokezi cha myu kimekaa kwa mlinzi. Peptidi ikija inamlaza mlinzi, na geti linafunguka lenyewe. Kilichonyamazishwa ni mzuiaji, ndiyo maana matokeo unayaona kama msisimko.

Na si dopamini peke yake. Kuna tafiti za Kent Berridge wa Michigan na wenzake kwa panya. Panya akionja sukari hutoa ulimi na kujilamba midomo kwa namna ambayo unaweza kuihesabu kwenye video. Ukitia kichochezi cha kipokezi cha myu kwenye kieneo kimoja kidogo ndani ya nyukliasi akambensi, sehemu ya ubongo inayopokea dopamini hiyo, chenye ukubwa wa takriban milimita moja ya ujazo, panya anajilamba zaidi kwa sukari ileile. Sogeza sindano pembeni kidogo tu, atakula zaidi lakini kujilamba hakuongezeki. Ukiongeza dopamini, anahangaikia chakula zaidi, ila haonyeshi kukifurahia zaidi. Kwa hiyo sikatai kwamba peptidi hizi zinaingia kwenye raha. Ninachokataa ni kusema kwamba ni raha iliyotiwa kwenye molekuli. Molekuli ileile, milimita chache pembeni, inafanya jambo jingine kabisa.

Halafu kitu kimoja ambacho watu wa mabango hawakigusi. Mtu mzima wa afya, aliyetulia, hana maumivu wala hajatumia dawa: mpe naloksoni kwa dozi ya kawaida. Hatapata chochote cha maana. Halii, hasononeki, hashikwi na maumivu ya ghafla. Kama furaha yako ya kila siku ingekuwa imebebwa na endofini, sindano hiyo ingekuangusha. Mfumo huu unakaa kimya hadi uitwe.

Dada Mfamasia

Uzi mzuri. Naongeza upande wa utengenezaji, kwa sababu hapo ndipo "achilia endofini" inapoharibika kabisa.

Peptidi si kama dopamini ambayo neva inaitengeneza pale pale kwenye ncha na kuinyonya tena ikishatumika. Inaanza kwenye jeni, inatoka protini ndefu ambayo haina kazi yoyote ya afyuni, kisha vimeng'enya vinaikatakata. Protini mama kubwa ni tatu. Ya kwanza, POMC, inatoa beta-endofini, lakini kwenye mwili huohuo wa protini kuna ACTH, ile homoni inayoamsha tezi za adrenali wakati wa msongo, na homoni za MSH zinazohusika na rangi ya ngozi na hamu ya kula. Pituitari ikimwaga ACTH kwa sababu umeshtuka, beta-endofini inatoka nayo. Kwa hiyo kupanda kwa endofini kwenye damu mara nyingi ni dalili ya mtu aliye kwenye msongo, wala si dalili ya mtu mwenye furaha. Ya pili inatoa enkefalini: molekuli moja ina nakala nne za ile ya methionini na moja ya leusini, pamoja na nyingine mbili ndefu kidogo. Ya tatu inatoa dainofini.

Zikishakatwa zinakaa kwenye vifuko vikubwa vyeusi (kwenye hadubini ya elektroni vinaonekana hivyo kweli) na zinasafirishwa hadi kwenye ncha. Mara nyingi ncha hiyohiyo ina vifuko vidogo vya kemikali ya kawaida, GABA au glutamati (hii ya pili husisimua seli). Ishara chache za umeme zinamwaga vidogo tu. Ili vikubwa vimwagike, neva inabidi ipige kwa kasi na mfululizo. Na ikishamwaga hakuna kunyonya tena, mpaka mzigo mpya utoke kwenye mwili wa seli. Hapo utaona kwa nini Mzizi anasema mfumo unakaa kimya.

Zikitoka haziishi muda mrefu. Enkefalini inakatwa ndani ya dakika chache na vimeng'enya viwili: kimoja kinang'oa ile tirosini ya mwanzo, kingine, neprilisini, kinaikata kati ya glisini na fenilalanini. Kuna dawa ya kuhara inayofanya kazi kwa kukizuia hicho cha pili, inaitwa rasekadotrili. Haileti afyuni yoyote kutoka nje, inaziacha enkefalini za utumbo wako ziishi muda mrefu kidogo na kupunguza maji yanayomwagika ndani ya utumbo. Loperamidi ni njia nyingine: yenyewe ni afyuni, inakaa kwenye kipokezi cha myu cha utumbo, lakini ikijaribu kuingia ubongoni inasukumwa nje mlangoni. Msije mkameza nyingi mkidhani mtapata kitu. Dozi kubwa inavuruga mapigo ya moyo na imeshaua watu.

Simba Marara

Dada Mfamasia nimekuelewa kuliko mwalimu wangu wa baiolojia wa miaka minne. Endeleeni.

Mwendo Pole

Mimi ni mkimbiaji na hapa mnanigusa. Kile kilele kipo jamani, si hadithi. Baada ya kilomita kadhaa miguu inakuwa myepesi, kichwa kinatulia, unatamani usisimame. Sasa mnaniambia si endofini?

Mzizi wa Neva

Hali yenyewe ipo, hakuna anayekunyima. Kesi ni ya nani ameileta.

Zamani ushahidi ulikuwa mwepesi: mtu akikimbia, beta-endofini kwenye damu inapanda. Lakini ya kwenye damu inatoka pituitari, na ni molekuli kubwa ambayo haivuki kirahisi ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Kupima damu ukasema umepima ubongo ni kujidanganya. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani wakaenda moja kwa moja: wakimbiaji 10 walipigwa picha za PET kabla na baada ya kukimbia saa mbili, kwa kutumia kemikali yenye mnunurisho inayokaa kwenye vipokezi vya afyuni. Baada ya mbio, kemikali hiyo ilikuta nafasi chache zaidi kwenye maeneo ya mbele ya ubongo, na kadiri mtu alivyojieleza kuwa na msisimko, ndivyo nafasi zilivyopungua. Maana yake peptidi za ndani zilikuwa zimezikalia. Hapo mkimbiaji alikuwa na haki ya kutamba.

Kisha 2021, timu nyingine ya Ujerumani ikachukua watu 63, wakakimbia dakika 45 wakiwa wamepewa naltreksoni, ambayo inaziba vipokezi vya afyuni, au kidonge kitupu. Walioziba vipokezi walipata uchangamfu uleule na utulivu uleule wa wasiwasi. Kwenye damu kilichokuwa kimepanda ni vikanabinoidi, kemikali za jamii ya zile za bangi ambazo mwili hutengeneza wenyewe, navyo ni vidogo, vinapenda mafuta, vinavuka kwenda ubongoni bila shida.

Mimi nauamini zaidi huu wa pili, kwa sababu waliziba wakaangalia kama kitu kinapotea. Ule wa kwanza unaonyesha mambo mawili yaliyotokea pamoja. Lakini mbio za saa mbili na za dakika 45 si mbio moja, kwa hiyo kesi sijaifunga.

Mwendo Pole

Sawa mkuu. Nitaendelea kukimbia, iwe afyuni iwe bangi ya ndani.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Hahaha, Mwendo Pole usije ukaandika hivyo kwenye fomu ya kazi.

Naomba niweke la wodini maana naona mnaongea naloksoni kama kitu cha maabara tu. Mtu aliyezidisha heroini au fentanili analetwa rangi imebadilika, midomo ya bluu, mboni za macho zimekuwa nukta, na pumzi unazihesabu: moja, kimya kirefu, nyingine. Ukimwita haitiki. Unampa hewa kwanza kwa mfuko, kisha naloksoni, na baada ya dakika mbili tatu anavuta pumzi ndefu, anafungua macho, mara nyingi akiwa na hasira kwamba umemharibia. Ndugu wanashangilia. Sisi hatushangilii, kwa sababu naloksoni inaisha ndani ya dakika 30 hadi 90, na dawa aliyotumia inaweza kuwa bado ipo. Vipokezi vikiachwa wazi tena, anarudi kulala na pumzi inakata upya. Ndiyo maana tunamkatalia kuondoka hata akitutukana.

Swali langu kwa Mzizi: kwa nini pumzi? Kwa nini mwili uweke kipokezi kinachoweza kuua kwenye sehemu ya kupumua?

Mzizi wa Neva

Nesi, asante kwa kazi hiyo kwanza.

Kwenye shina la ubongo kuna kikundi kidogo cha seli, kinaitwa pre-Bötzinger, ndicho kinachopiga mdundo wa pumzi usiku na mchana. Seli zake nyingi zina vipokezi vya myu. Kuna na seli jirani zinazosikia kaboni dioksidi ikipanda kwenye damu na kusema "vuta hewa". Afyuni inanyamazisha pande zote mbili: mdundo unapungua, na kengele inayopaswa kulia hewa ikichafuka inakuwa imezibwa mdomo. Mtu hasikii hata haja ya kupumua.

Kuhusu kwa nini vipo pale: peptidi ya ndani inamwagwa kidogo, mahali padogo, kwa muda mfupi, kisha vimeng'enya alivyovitaja Dada Mfamasia vinaifagia. Inaweza kurekebisha mdundo bila kuusimamisha. Dawa ya sindano inafika kila kipokezi kwa wakati mmoja na haifagiliwi. Mwili haukuwahi kujenga kinga ya hali ambayo vipokezi vyote vinakaliwa kwa masaa.

Na arosto inaeleweka kwa njia hiyohiyo. Kuna seli za noradrenalini kwenye shina la ubongo, eneo la lokasi seruliasi. Zikinyamazishwa kila siku kwa wiki kadhaa, zinajifidia kwa ndani: mashine ya cAMP iliyobanwa inaongezewa nguvu hadi seli inarudi kupiga karibu na kawaida yake, dawa ikiwemo. Hapo mtu anasema dozi ya zamani haimshiki. Sasa ondoa dawa ghafla. Kizuizi kimeondoka, nguvu ya ziada imebaki. Seli zinapiga kwa fujo: jasho, vinyweleo kusimama, mapigo ya moyo juu, kukosa usingizi. Utumbo nao, uliokuwa umelazwa, unaamka na kuharisha. Ndiyo maana klonidini, ambayo si afyuni kabisa, inamsaidia mtu wa arosto: nayo inazituliza seli hizohizo za noradrenalini kupitia kipokezi kingine.

Mama Wawili

Samahani mimi si mtu wa sayansi, ila kuna kitu nimewahi kujiuliza. Mtu anaumia vibaya, mguu umevunjika, anatembea nao hadi anafika salama ndipo anaanza kulia. Ni hizi hizi?

Mzizi wa Neva

Kwa sehemu kubwa ni hizi hizi, mama. Mmisionari David Livingstone alirukiwa na simba huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, mwaka 1844, bega likavunjwa, na baadaye alieleza kwamba wakati simba anamtikisa alikuwa kama mtu aliye usingizini: anaona kila kinachotendeka, hana maumivu wala hofu.

Njia yake inajulikana leo. Katikati ya ubongo, kuzunguka mfereji mwembamba wa maji ya ubongo, kuna eneo linaitwa PAG. Mwaka 1969 David Reynolds alimpasua panya tumbo akiwa macho, bila ganzi yoyote zaidi ya umeme uliokuwa ukichochea eneo hilo. Panya hakuonyesha kuumia. Humo kuna yule mlinzi wetu wa GABA tena: enkefalini na endofini zinamlaza, seli za PAG zinaamka, zinatuma amri chini hadi sehemu ya chini ya shina la ubongo, na kutoka hapo hadi nyuma ya uti wa mgongo, pale neva za maumivu zinapoingilia. Pale chini kuna seli ndogo za enkefalini zinazobana ncha ya neva ya maumivu kabla haijapitisha habari. Kidonda kipo na neva yake inapiga kelele. Ujumbe unakatwa njiani.

Na njia hii inaweza kuwashwa na tegemeo tupu. Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields, mwaka 1978, waliwafuatilia watu waliong'olewa magego. Wengine walipata nafuu kwa dawa ambayo haikuwa na kitu ndani. Walipopewa naloksoni kwa siri, maumivu yao yakapanda. Nafuu ile ya "kidonge kitupu" ilikuwa na kemikali nyuma yake. Kwa hiyo tuache kusema mtu aliyepata nafuu kwa kidonge kitupu alikuwa anajifanyisha.

Dada Mfamasia

Niongezee kisa kimoja hapo. Kuna watu wachache wanaozaliwa bila kuhisi maumivu kabisa kwa sababu ya hitilafu kwenye mlango mmoja wa sodiamu, Nav1.7. Mwaka 2015 watafiti wa London walionyesha kwamba panya wenye hitilafu hiyo wanatengeneza enkefalini kupita kiasi. Wakampa naloksoni mwanamke mmoja mwenye hali hiyo, na akaanza kuhisi maumivu ambayo hakuwahi kuyahisi.

Simba Marara

Duh. Sijui kama ningemshukuru aliyenipa sindano hiyo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Na muwasho? Wagonjwa wangu wa mofini ya mgongoni wanajikuna pua na uso mpaka inachosha.

Mzizi wa Neva

Kwa kifupi: kwenye uti wa mgongo kuna seli zinazozuia muwasho, na zenyewe zina kipokezi cha myu. Ukizinyamazisha, muwasho unapita. Vipokezi vya kapa vinafanya kinyume, vinabana muwasho, na ndiyo maana mwaka 2021 Marekani ilipitisha difelikefalini, peptidi ya kutengenezwa inayogusa kapa nje ya ubongo, kwa muwasho wa watu wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo.

Mbishi wa Kudumu

Haya, nimekuvumilia. Umetaja kapa kijuujuu mara mbili na dainofini umeiacha kwa Dada Mfamasia aiseme kwa maneno matatu. Naona unaikwepa kwa sababu inaharibu hadithi. Vichochezi vya kapa vikipewa watu, wanasononeka, wanachanganyikiwa, wanaona vitu. Mwili unatengeneza afyuni yake halafu inakufanya ujisikie vibaya. Ya kazi gani?

Mzizi wa Neva

Haiharibu hadithi, Mbishi. Ndiyo mhimili wa hadithi, nilikuwa naisubirisha.

Dainofini ilipatikana na Avram Goldstein wa Stanford, 1979, kwenye pituitari ya nguruwe. Ina asidi amino 17, tano za mwanzo ni enkefalini ya leusini. Kwenye seli inafanya yaleyale: kalsiamu chini, potasiamu nje. Tofauti ni mahali. Kipokezi cha kapa hakikukaa kwa mlinzi, kimekaa kwenye seli za dopamini zenyewe, hasa kwenye ncha zake. Myu inamlaza mzuiaji, dopamini inapanda. Kapa inambana mtoaji, dopamini inashuka. Amri ni ileile, "nyamaza", na matokeo ni usiku na mchana kwa sababu imepewa seli mbili tofauti. Kama kungekuwa na homoni ya furaha, hii ndugu yake ya damu isingeweza kuwepo.

Inamwagwa sana wakati wa msongo mrefu, na kwa mtu anayetumia kokeni au heroini mara kwa mara inazidi kutengenezwa kwenye eneo lilelile ambalo dopamini imekuwa ikimwagwa kupita kiasi. Inajaribu kushusha. Dawa ikiisha, kile kishushi kinabaki, na mtu anajikuta chini kuliko alipoanzia. Wengi wanaorudia dawa hawaifuati raha tena, wanakimbia hapo chini.

Lakini ukiiangalia kwenye hisia tu utaionea. Kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, seli zikipiga kwa fujo kama wakati wa kifafa, dainofini inamwagwa kutoka kwenye ncha zilezile zinazomwaga glutamati, na inazibana zisiendelee. Kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza homoni, kuna kikundi cha seli kinachotengeneza vitu vitatu kwa pamoja: kisipeptini, nyurokinini B na dainofini. Nyurokinini B inawasha kundi zima, kisipeptini inapeleka amri ya kuachia GnRH, homoni inayoendesha mayai na mbegu za uzazi, na dainofini inazima. Kisha kundi linajikusanya upya. Hivyo ndivyo GnRH inavyotoka kwa mapigo, karibu kila saa moja hadi saa moja na nusu kwa mwanamke anayekaribia kupevusha yai. GnRH ikitolewa mfululizo bila kukatika, pituitari inaacha kuisikia na uzazi unasimama. Kwa hiyo yule unayemwita mleta huzuni ni miongoni mwa wanaoshika saa ya uzazi.

Mbishi wa Kudumu

Hilo la mapigo sikuwa nalo. Sasa yule ndugu wa nne uliyemtaja juu ukamficha jina?

Mzizi wa Neva

Nosiseptini, 1995, maabara mbili kwa wakati mmoja, moja Ufaransa na nyingine Uswisi. Asidi amino 17 kama dainofini, ila inaanza na fenilalanini badala ya tirosini, kwa hiyo myu, delta na kapa hazimtambui, na naloksoni haimgusi. Walianza kwa kipokezi ambacho hakikuwa na mwenyewe, wakamtafuta mwenyewe kwenye ubongo. Kwenye ubongo wa panya anapinga nafuu ya mofini, kwenye uti wa mgongo anaileta. Nakuachia wewe ujibu ni seli gani inanyamazishwa kila upande.

Mbishi wa Kudumu

Juu atakuwa anazilaza zile zinazotuma amri chini. Chini anabana ncha ya maumivu yenyewe.

Mzizi wa Neva

Umepatia zote mbili, mkuu.